Mimi Si Mjomba Wako

Ugonjwa wangu uligharimu meza ya mitumba sokoni Morogoro, sikio la kushoto, nywele za mbele ambazo mpaka leo hazijaamua kama zinarudi, na shamba la migomba la baba yangu. Nimehesabu, halafu nikahesabu tena kwa kuanzia mwisho, kama ninavyofanya na chenji. Vitatu vya kwanza nimevisamehe. Meza ukiiacha masika yote si yako tena, sikio lina mwenzake, na kwa nywele kuna vitambaa. Hicho cha nne ndicho kinachoninyima utulivu, kwa sababu hakikutoka mfukoni mwangu, na aliyekitoa hataki kurudishiwa.

Namwandikia mtu anayekohoa sasa hivi na kusema ni vumbi. Mimi pia nilisema ni vumbi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, viwanda vya mjini vinapunguza watu, na waliopunguzwa wanakuja sokoni kuuza kile walichoshindwa kununua. Mume wangu Athanas alikuwa mmoja wao. Alijaribu kuuza viatu, akakasirishwa na wateja, akaenda machimboni kutafuta bahati, na toka huko zikawa zinakuja salamu tu. Mimi nikabaki na watoto wetu wawili, Deo na Tekla, na marobota ya nguo za Ulaya. Ukikata kamba ya robota linakutemea vumbi la miezi ya melini. Mstari mzima tulikuwa tunakohoa. Wenzangu walikohoa wakaacha.

Ilipofika Krismasi sketi yangu ilikuwa inanizunguka. Shuka nilikuwa naiamkia mbichi kwa jasho kama nimeifua. Lakini aliyenipa habari hasa hakuwa daktari, alikuwa mteja. Mteja akikushusha bei, hiyo ni biashara. Mteja akikubali bei ya kwanza ili aondoke haraka, jua uso wako umeshamwambia kitu. Mwezi wa pili wakawa wananikubalia bei ya kwanza mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuuza kwa faida kama ile, wala kulia njiani kama wakati ule.

Hospitali kuna benchi la watu wa makohozi. Liko nje, peke yake, kwenye upepo. Unapewa kikopo chenye kifuniko, unarudi nacho kesho, unapewa kingine. Tunakaa kila mmoja ameficha chake kwenye kanga kana kwamba wengine wameshika maua. Mtaani walikuwa wameshanipa jina la ule ugonjwa mwingine, ambao wakati ule kila aliyekonda alipewa. Nilipimwa na huo. Nilikuwa na kifua kikuu peke yake, nikashukuru kama mtu aliyepata punguzo.

Nikaambiwa nitalala wodini, sindano na vidonge kila asubuhi mpaka masika yaishe, halafu vidonge peke yake nyumbani mpaka vuli. Na dawa ni bure.

Neno bure lilinitia wasiwasi kuliko neno kifua kikuu. Kwa uzoefu wangu, kitu cha bure ni kitu ambacho bei yake bado hujaambiwa. Nilimwuliza nesi wa wodi, Mwanaidi, dada wa Kitanga mwenye sauti laini na mkono mzito wa sindano, kama haiwezekani nikachomwa mbili kwa siku ili nimalize kwa nusu ya muda nirudi kwenye meza yangu. Alinitazama kwa huruma. “Mama Deo,” akasema, “hapa tunachoma mwili, hatufungui robota. Lala.”

Sikulala. Kitanda changu kilikuwa dirishani, na dirishani kulikuwa na milima ya Uluguru, yaani kwetu, imejifunika mawingu kama mgonjwa aliyekasirika. Nilihesabu vitanda. Nilihesabu mabati ya paa la jiko la ndugu wa wagonjwa. Nilishika miguu yangu usiku kuona kama bado ni ya mtu. Vile vidonge viligeuza mkojo wangu rangi ya machungwa, na hakuna aliyenionya, nikapiga kelele chooni mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaja kunicheka. Wote tulikuwa tunakojoa machungwa. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichonipa wenzangu.

Na nilisali. Ila niseme jinsi nilivyosali, na kwa hilo lazima nieleze jambo la kwetu, maana wasomaji wa makabila mengine watashangaa.

Sisi Waluguru mtoto ni wa mama. Ukoo ni wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yako ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba ndiye anayekuonyesha pa kulima. Ndiye anayeamua ugomvi wako, na ndiye anayesema utazikwa wapi. Baba ni mtu aliyekuja kuoa. Analima ardhi ya ukoo wa mkewe, na siku wenyewe wakimchoka anabeba jembe na mkeka anarudi kwa mama yake. Tunampenda, lakini kwa jambo zito hatumwendei. Kitu anachompa mtoto kikawa chake kabisa ni jina. Ndivyo nilivyolelewa mimi.

Sasa wamisionari walipanda mlimani kwetu Matombo wakatufundisha Baba Yetu. Nadhani huko walikotoka shamba lilikuwa la baba. Sisi tukaipokea sala tukaisali asubuhi na jioni, lakini kwangu mimi aliyekaa kwenye kile kiti cha mbinguni alikuwa mjomba. Mungu wangu alikuwa na ardhi, na hukumu, na kumbukumbu kali. Unamwendea umeoga, umepiga goti, una kitu mkononi. Kwa hiyo pale kitandani nilimweleza hoja yangu vizuri. Nikamwambia akiniponya sitauza tena Jumapili. Kimya. Nikaongeza kwamba Tekla nitampeleka shule ya masista. Kimya. Nikahisi labda nimepanda haraka mno na amenitilia shaka, nikashuka: Jumapili asubuhi tu, mchana niuze. Nilikuwa napatana bei na ukuta, na kila usiku nilianza upya.

Mjomba wangu Silvesta alikuja wiki ya kwanza. Sitaki mtu amwone vibaya. Alikuja na mchele na kuku na mzee mwingine wa ukoo wa kumshuhudia, akaniuliza kila kitu kwa mpangilio, akawachukua Deo na Tekla kwenda nao Matombo, wale na wasome huko. Alifanya kila kinachompasa mjomba na hakubakiza. Alipoondoka nilijua nina deni na nilijua namna ya kulilipa, na kwa mtu kama mimi hiyo ni nusu ya usingizi.

Baba alikuja wakati masika yameshakolea. Anaitwa mzee Klementi. Mama alikuwa amefariki siku nyingi, na baba alikuwa bado anaishi kwenye ardhi ya ukoo wetu kwa sababu tu mjomba hakuwa amesema neno, na kwa sababu ile migomba kwenye mteremko aliipanda yeye, aliianza mwaka niliozaliwa. Lori la ndizi alilopanda lilizama njiani, wakashuka, akaja kwa miguu sehemu iliyobaki. Alifika na tope mpaka magotini, mkungu begani, nanasi kwapani. Mimi, badala ya kumwamkia, nikaanza kukadiria ule mkungu ungeuzwaje pale getini. Nilistuka nikasema shikamoo.

“Marahaba, mwanangu.”

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwuliza katumwa na nani, mjomba au kikao cha ukoo.

“Sijatumwa.”

“Mjomba anajua umekuja?”

“Sikumwuliza.”

“Sasa baba umekuja kufanya nini?”

Akafikiri, kama vile swali ni gumu. “Kukuona,” akasema.

Na akaniona. Alikaa ananitazama, kana kwamba hiyo ndiyo shughuli yenyewe iliyomtoa mlimani. Mimi nikangoja sehemu ya pili ya maneno, ile ambayo kila mgeni huja nayo mgongoni: kuna harusi, kuna mchango, kuna mtoto wa fulani anatafuta kazi. Haikuja. Jioni nilimwambia lori la kurudi linaondoka. Akasema analijua. Hakuondoka.

Alilala kwenye baraza na ndugu wa wagonjwa wengine, na asubuhi akaenda kupanga mafiga yake kwenye lile jiko la ndugu, mwanamume peke yake kati ya wanawake. Walimtania mpaka wodini tukawa tunasikia. Uji wake wa kwanza uliungua, wa pili ulikuwa na mabuja kama vitumbua. Mama mmoja wa Mgeta, Mluguru mwenzetu, ambaye mwanawe alilala vitanda viwili kutoka changu, alimwuliza baba waziwazi: huyo mgonjwa wako, mjomba wake yuko wapi hata baba mtu ndiye anapuliza moto. Baba alijibu bila kuinua kichwa.

“Mjomba ana ukoo mzima. Mimi nina huyu.”

Yule wa Mgeta akamnyang’anya mwiko na kumfundisha kukoroga.

Nikiwa mkweli, kuwapo kwake kulinisumbua. Mtu akikaa karibu nawe bila kudai unakuwa huna pa kuweka mikono. Nilimtafutia kasoro. Nilimwambia migomba yake inaliwa na nyani. Akakubali kwamba inawezekana. Nilimwambia arudi, hali yangu nzuri. Akakubali pia, akabaki.

Wodini nilikuwa naitwa Dirishani. Mpaka leo nikisikia mtu anasema dirishani nainua mkono wa kuchomwa. Lakini baba alikuwa akija asubuhi na uji anapita nje, upande wa bustani, na kuniita kupitia wavu kwa lile jina alilonipa yeye nilipozaliwa. Silitaji hapa. Hakuna aliyelitumia tangu nianze shule, hata mimi nilikuwa nimelisahau kama nguo ya utoto. Asubuhi moja aliita nisigeuke. Akaita tena. Hakukasirika wala hakupaza sauti. Alizunguka jengo lote, akaingia mlangoni, akasimama upande wangu wa kulia, akaita taratibu, nikageuka. Akarudi upande wa kushoto, akaita kwa sauti ileile. Mimi nikaona mdomo tu.

Sikio la kushoto lilikuwa limekufa na mwenyewe sikujua. Lilikuwa linavuma siku nyingi kama birika, nikadhani ni homa, na nilikuwa nayumba nikienda chooni, nikadhani ni njaa. Baba akamfuata nesi Mwanaidi, Mwanaidi akamleta daktari, daktari akapiga vyuma vyake masikioni mwangu na kusema ni ile sindano, wapo watu haiwapendi, na ingeendelea ingechukua na la pili. Wakaniachisha, wakaniwekea dawa nyingine, wakasema nitakaa wodini zaidi waone inavyokwenda. Toka siku hiyo baba hakuniita tena kupitia wavu. Alikuwa anazunguka, kila asubuhi, aje upande unaosikia.

Habari hiyo ilipanda mlimani na malori ya ndizi, na huko juu ikafika imebadilika sura: dawa zimemkataa, wanamjaribia nyingine, wanamwongezea siku. Ukoo ukakaa kikao. Siwalaumu. Walishaona wengi mwaka ule walioachwa mjini mpaka mwisho, ikawa kazi kumpandisha marehemu kwenye lile tope. Mtu wetu hulala kwenye ardhi yetu. Wakaamua niletwe ningali ninapumua, wanifanyie ya ukoo yanayopasa, na kama ni kufa nife kwa mama yangu.

Mjomba Silvesta alifika Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi, na vijana wawili na machela ya miti. Lori lilikuwa linangoja barabarani na injini inanguruma. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akanieleza kwa upole uamuzi wa ukoo. Nikaanza kupatana. Nikaomba wiki mbili. Akasema lori ni la leo. Nikaomba mpaka Pasaka. Akatikisa kichwa, na hapo ndipo aliposema lile ambalo nilikuwa naliogopa, tena kwa huzuni.

“Mpwa wangu, ukoo haulazimishi mtu. Ila anayekataa kurudi kwenye ardhi yake akiwa mgonjwa, asiidai akiwa mzima.”

Shamba nililoonyeshwa na mjomba kule Matombo ndilo lililokuwa linalisha watoto wangu wakati ule. Mume hayupo, meza nimeshaambiwa imekaliwa na mtu. Nilipiga hesabu kwa haraka, nikarudia, ikatoka vilevile. Na kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa ajili yako uliye wodini sasa: nilikuwa nimechoka kulala. Mguu wangu ulikuwa unataka kwenda popote. Nikaketi, nikaanza kukunja kanga.

Baba alikuwa ameingia na bakuli la uji. Aliliweka chini.

“Shemeji,” akamwambia mjomba, “dawa zake hazijaisha.”

“Klementi, hapa unasema kama nani?”

“Kama baba yake.”

“Baba hasemi kwenye neno la ukoo. Wewe mtu mzima, unajua.”

“Najua. Basi sisemi. Nakaa.”

Akakaa chini, mlangoni, miguu ameinyoosha kutoka mwimo mpaka mwimo. Mzee mwenye mvi, suruali imekauka tope. Wale vijana walitazamana. Kumruka shemeji yake mjomba aliyekaa sakafuni, na wewe umebeba mgonjwa, ni aibu ambayo hakuna aliyefundishwa namna ya kuifanya. Wagonjwa wakaacha kukohoa ili wasikie. Mwanaidi akaja, akaona, akakunja mikono.

Mjomba aliigeuza kofia mkononi. Halafu akasema polepole, “Ukikaa hapo, shemeji, kumbuka na kule unakokaa, unakaa kwa nani.”

“Nakumbuka,” baba akasema.

Hayo tu. Mjomba akavaa kofia, machela ikatoka tupu kama ilivyoingia, baba akikunja miguu kuipisha. Mimi sikulielewa neno lile. Sikio lilikuwa linavuma, na mtu aliyeokoka hahesabu vizuri. Nilijua nimebaki. Baba aliinuka, akaupasha uji moto, akanipa, ulikuwa bado na mabuja.

Pasaka ilipita nikiwa pale. Kengele za kanisani nilizisikia nusu. Mvua zilipokatika makohozi yangu yalikuwa safi, na kipupwe kilipoanza kushusha baridi ya milimani nikaruhusiwa na mfuko wa vidonge. Nikapanga chumba mjini, watoto wakiwa bado kwa mjomba, nikawa nauza maandazi mlangoni kwa sababu majirani bado walikuwa hawajaamua kukaa karibu nami lakini njaa yao ilikuwa imeshaamua. Nilikuwa nakula kama askari. Mapaja yalirudi kabla ya mashavu. Baba alikuwa ameondoka wiki moja kwenda kuangalia migomba, akasema. Akarudi kunisalimu na jembe na mkungu begani, na mkeka umekunjwa kwapani.

Nikamwuliza jembe la nini mjini. Akasema anapita tu.

Jembe na mkeka. Nimezaliwa Matombo mimi, sihitaji kuambiwa mara mbili. Nilimwuliza na hakukana. Ukoo ulikuwa umemwambia, kwa adabu zote, kwamba mkewe hayupo, kazi yake imekwisha, migomba atapewa kijana wa ukoo. Hakubisha. Alikata mkungu mmoja wa mwisho, ndio huo aliokuwa ameniletea. Na aliyajua yote yale pale sakafuni, kabla ya kunyoosha miguu.

Akaenda ng’ambo ya bonde la kwetu, kwa watoto wa dada yake. Huko, na hiki ndicho kichekesho, yeye ndiye mjomba. Wanampigia magoti, wanamletea kuku, hawakati hata mti bila kumwuliza. Anasema inamchosha.

Vuli vidonge vikaisha. Walinipima, wakanipiga picha ya kifua, wakasema nimepona. Nilidhani nitalala siku hiyo. Sikulala. Kesho yake nilipanda ng’ambo ya bonde na sukari, na shati zuri nililolichagua mwenyewe kwenye robota la daraja la kwanza, na ahadi ya mabati ya mkopo kutoka kwa muuzaji mmoja. Nilikuwa nimeandaa maneno kama nilivyozoea. Nikamwambia baba, nimehesabu, najua ulichopoteza, niambie nikulipe nini na kwa muda gani.

Alilivaa shati. Likamkaa. Alijitazama mikono yote miwili, ameridhika.

“Mwanangu,” akasema, “mimi si mjomba wako.”

Nikamwambia sielewi.

“Mjomba analipwa. Ndiyo haki yake, na ukimlipa unakuwa mtu mwema. Mimi kwako sina haki hata ya kukudai maji. Nilikuja kwa sababu nilitaka kuja.”

Halafu akaniuliza lile sikio linaendeleaje, akahamia upande wa kulia.

Jumapili ile nilikwenda misa ya kigango. Ikafika Baba Yetu, watu wakaanza, na mimi nikakwama kwenye neno la kwanza. Sikuweza kuendelea. Wenzangu walikuwa wameshafika kwenye mkate wa kila siku, mimi bado nimesimama pale mwanzoni na mdomo wazi. Maisha yangu yote nilikuwa nimelitumia neno lile kumwita mtu mwingine. Kama Mungu ni mjomba, najua kuishi naye, nina uzoefu. Nitalipa, atanilinda, tutaheshimiana. Lakini kama ni baba, baba kama yule, basi pale wodini nilipokuwa napanda na kushuka bei alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda hana cha kuuza. Alikuwa amekuja kuniona. Ana dunia nzima, na anaita jina ambalo mimi mwenyewe nimelisahau, na nisipogeuka hapazi sauti, anazunguka. Na gharama aliyoingia, ambayo padri huitaja kila Ijumaa Kuu, ni zaidi ya migomba.

Ningependa kuwaambia kwamba toka siku hiyo nina amani. Sina. Kupendwa hivyo kunawasha. Unatafuta mahali pa kuweka malipo hupaoni, unazunguka na fedha yako mkononi kama mtu aliyeingia duka lisilo na kaunta. Kuna asubuhi nasali vizuri, nakaa tu, namwacha anitazame. Kuna asubuhi nyingi zaidi ambazo kabla sijamaliza ishara ya msalaba nimeshaanza kumwahidi kitu, nikijistukia napunguza.

Na sasa limezuka jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mjomba Silvesta aliponiona mzima alicheka mpaka akalia, akamshukuru Mungu, akanirudishia shamba palepale, akasema mtu aliyepona hana kesi. Kuhusu baba akakuna kidevu. Akasema Klementi alivunja adabu mbele ya vijana, ila adabu inaungika. Aletwe mbuzi wa radhi, si lazima na yeye, hata na mtoto wake. Migomba itarudi kwake mpaka afe.

Nilimnunua mbuzi siku ileile, bila kupatana, muuzaji akadhani naumwa tena. Nikampelekea baba habari. Akafurahi kwamba mjomba amepoa. Halafu akanikataza.

“Ukimpeleka huyo mbuzi,” akasema, “itakuwa nilikukopesha.”

Nimerudi mjini na mbuzi wangu. Baba ana mvi, kile kilima cha ng’ambo ni kikali, na kila akivuka bonde anapita chini ya migomba yake inayokatwa na mwingine. Anapita anasalimia. Nikimpeleka mbuzi, baba atarudi nyumbani kwake, lakini nitakuwa nimegeuza alichonipa kuwa bili. Nikiacha, nitakuwa mtu aliyepokea na kukaa kimya, na hilo sijawahi kulifanya hata kwa nusu bei. Padri nilimwuliza. Akacheka, akasema swali langu ni kubwa kuliko mbuzi, akanipa baraka, akaondoka na pikipiki.

Kwa hiyo nauliza nyinyi mliopita kwenye ugonjwa mkabebwa na mtu ambaye hamkuwa na cha kumpa. Mlikaaje na jambo hilo? Mbuzi amefungwa uani kwangu, kando ya marobota niliyoanza tena kuuza. Jana amekula kamba ya robota na mkono mmoja wa koti la daraja la kwanza. Nimpeleke kwa mjomba, au nimrudishe mnadani nijifunze kupendwa? Anayejua anijibu mapema, kwa maana mimi silali, na yeye haachi kula.